Flashi Iliyofomatiwa Kiandutu na Daftari la Madeni

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandikiana deni. Wanavyuoni wetu wa pwani waliisomesha huku mbele yao pana kalamu, wino na daftari la karatasi. Msomaji atatuwia radhi ikiwa leo twaisogeza hadi kwenye kijidude kisichozidi urefu wa kidole, kiitwacho flashi. Madaftari mengi ya zama hizi, yawe ya upatu wa akina mama, ya ada za madrasa au ya hesabu za mirathi, hayamo tena katika karatasi. Yamo humo.

Kisa kilichotusukuma kuandika kilitokea Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio jirani na Makongeni, kando ya mji wa Thika. Jina lake latokana na neno la Kikikuyu, ndutu, yaani funza waingiao miguuni. Wanaishi humo watu wa kila kabila, na miongoni mwao wamo jamaa zetu waliotoka pwani kufuata kazi. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kikikopeshana fedha bila riba, na katibu wao akiandika kila shilingi katika jedwali la kompyuta, kisha akilihifadhi kwenye flashi moja tu. Ikatokea mmoja wao kufariki akiwa na mkopo ambao haujaisha. Warithi, kama ipasavyo, walitaka kujua deni limebaki kiasi gani walilipe kabla ya kugawana chochote. Katika siku zizo hizo, kijana wa nyumbani kwa katibu aliichukua flashi ili atilie filamu. Kompyuta ikamwambia kwamba kifaa chahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, naye akakubali. Filamu 2 zikaingia, jedwali likatoweka.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hukata tamaa mapema mno. Flashi ni mfano wa kitabu kinene chenye fahirisi mwanzoni. Kompyuta haipekui kurasa zote kila inapotaka faili. Husoma fahirisi, ikaambiwa faili fulani limeanzia ukurasa gani. Mtu anapofomati kwa njia ya haraka, ambayo ndiyo Windows huitanguliza yenyewe, kinachofutwa ni fahirisi. Kurasa hubaki na maandishi yake, ila sasa zahesabiwa kuwa tupu, na lolote jipya litakaloandikwa laweza kuangukia juu yake. Likiisha kuangukia, ya zamani hayarudi kwa programu yoyote. Pia iko njia ya pili, ya kufomati kikamilifu: tangu Windows Vista, njia hiyo hujaza sifuri kila mahali, na aliyeichagua hana la kutafuta.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo fundi mmoja wa Thika alimuuliza katibu lilikuwa la haki kabisa: "Mama, baada ya kufomati, kuna kitu kimeandikwa humu?" Alipojibiwa kwamba ni filamu 2 tu, alisema, "Basi usiichomeke tena popote, mama. Hata hizo filamu usizifute." Wapo mafundi ambao huanza kwa kutia programu ya uokozi ndani ya flashi hiyohiyo inayookolewa, jambo ambalo ni sawa na kumwaga maji juu ya barua ambayo wataka kuisoma. Fundi huyu alinakili kwanza flashi nzima, sehemu kwa sehemu, ikawa faili moja kubwa kwenye diski yake, kisha akafanya kazi juu ya nakala. Alitumia PhotoRec, programu ya bure iliyotungwa na Christophe Grenier. Programu hiyo haina haja na fahirisi. Hupita kurasa zote ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: faili la PDF huanza kwa alama ya asilimia na herufi PDF, na majedwali ya Excel ya siku hizi huanza kwa herufi PK. Ikiona alama, hukusanya yanayofuata na kuyaweka kando.

Tatizo ni kwamba majina ya mafaili yalikuwa katika fahirisi, nayo haipo. Yaliyookolewa hutoka yakiitwa herufi f na mlolongo wa tarakimu, mamia kwa mamia. Katibu na binti yake walikaa siku 2 wakifungua moja baada ya jingine: picha za harusi, barua za shule, majedwali yaleyale ya miezi tofauti. Jedwali la mwezi wa mwisho halikuonekana, huenda lilikwisha kufunikwa na filamu. La mwezi uliotangulia likapatikana zima. Malipo yaliyofuatia yalisomwa katika ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwenye simu ya marehemu, na kwa njia hiyo deni likajulikana. Warithi wakalilipa. Na lau jedwali lisingepatikana kabisa? Baadhi ya akina mama walidhani deni lingekuwa limekufa nalo. La hasha: maandishi ni ushahidi wa deni, si deni lenyewe. Lililo katika dhima ya mtu hubaki humo, na kwa marehemu hulipwa katika tarika yake likithibiti kwa mashahidi au kwa kukiri kwa warithi. Ila tuseme ukweli, bila maandishi uthibitisho huo huleta ugomvi.

Twaongeza jambo ambalo laokoa watu wengi kuliko PhotoRec. Mara nyingi flashi iliyotoka kwenye saiba yenye virusi huonyesha vijialama vya njia za mkato badala ya mafaili, au huonekana tupu ilhali nafasi yake imejaa. Mafaili hayakupotea, yamefichwa tu. Amri ya attrib katika Windows huyafichua kwa dakika moja. Anayekimbilia kufomati hapo ameharibu kilichokuwa kizima. Kuna na flashi za bandia, ambazo huandikwa ujazo mkubwa kupindukia kwa bei ya kutupa, na ndani yake mna nafasi ndogo sana. Hizo hupokea mafaili kwa ukarimu, kisha huandika juu ya yaliyotangulia, na fundi hana la kufanya.

Liko na jambo la sitara. Fundi aokoaye jedwali la madeni huokoa pia picha za harusi ambazo akina mama walipigwa wakiwa wao kwa wao. Tumewasikia watu wakimkabidhi kijana wasiyemjua flashi ya nyumba nzima na kurudi kesho. Ni bora mwenye mali aketi pale, au aende na mtu wake, na nakala ya fundi ifutwe mbele ya macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo yamtaka anayeshika habari za watu asizitumie kinyume cha kusudi alilopewa, na mafundi wengi wa vibanda hawajui kwamba yawahusu. Na ajuaye sasa kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kitu, asiuze wala kugawa flashi yake kuukuu akidhani i tupu.

Kuhusu nakala, tutazame Lamu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, nasi tulifurahi kwamba zimefika penye ulinzi. Oktoba 2023 maktaba hiyo kubwa ya London ilivamiwa na wahalifu wa mitandao, na huduma zake nyingi za kidijitali zikazimika kwa miezi. Karatasi za Lamu zilikuwa palepale Lamu. Akina mama wa Kiandutu hawana maktaba wala ulinzi, lakini wamepanga vizuri: jedwali sasa limo katika flashi 2 za watu 2 wanaoishi nyumba tofauti, na kila mwisho wa mwezi huchapishwa katika karatasi, wote wakatia saini, na karatasi ikabaki kwa mweka hazina.