Informatiki: mlinzi wa data asibaki peke yake

Katika biro nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, mambo ya ordinatera yako mkononi mwa mtu mmoja. Ni yeye anayejua neno la siri, na ni yeye anayejua kopi ziliwekwa wapi. Siku akigonjwa, akipata kazi Kampala ao akikimbia vita, biro inabaki kama nyumba iliyopoteza ufunguo.

Mtu huyo analinda baze ya data, yaani pahali habari zote zinapopangwa ndani ya ordinatera: mishahara ya wafanyakazi, pointi za wanafunzi, akiba ya wanachama wa koperative, hesabu ya wagonjwa wa kolera. Wengi walijifunza kazi hiyo kwenye chuo, kisha wakabaki bila mwenzao wa kuuliza. Kumbe fundi wa data anahitaji mambo mawili maisha yake yote: kuendelea kujifunza, na kuwa na wenzake wa kazi.

Data za zoni 519

Mfano wa karibu ni afya. Nchi yetu ina zoni za afya 519 katika majimbo 26. Kila mwezi vituo vya afya vinapeleka ripoti kwenye biro ya zoni, na hesabu zinaingizwa katika DHIS2, programu iliyotoka kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Chini ya programu hiyo kuna baze ya data inayoitwa PostgreSQL. Inatumiwa bila malipo, na inatengenezwa na mafundi wa nchi nyingi.

Hesabu za surua zikipotea ao zikiandikwa mara mbili, wanaopanga chanjo wanaweza kukosea pahali pa kuzipeleka. Kwa hiyo ujuzi wa fundi asiyejulikana, aliyekaa nyuma ya seva, unamgusa mtoto wa Masisi ao wa Fizi.

Kosa lililosemwa wazi

Usiku wa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, fundi mmoja wa kampuni GitLab, ambayo inahifadhi kazi za watengenezaji wa programu, alikuwa anahangaika na seva ya pili ambayo haikufuata tena ile ya kwanza. Alitaka kufuta data za seva ya pili. Kwa kuchoka, alifuta za seva ya kwanza, ile iliyokuwa inatumikia watu. Aliposimamisha kazi hiyo, katika gigabaiti karibu 300, zilibaki 4,5 tu.

Kampuni ilikuwa na njia tano za kulinda data, lakini hakuna iliyokuwa tayari kusaidia inavyotakiwa. Kopi za kila siku hazikuwa zinafanyika, sababu programu ya kuzifanya ilikuwa ya toleo la zamani kuliko baze yenyewe. Barua za kuonya juu ya kasoro hiyo zilikataliwa njiani, na hakuna mtu aliyeziona. Iliyowaokoa ni kopi ambayo ilifanywa saa sita mbele ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Habari zilizoandikwa ndani ya baze ya data katika saa hizo sita zilipotea.

GitLab haikuficha. Iliandika mbele ya watu wote namna kazi ya kurudisha data inavyoendelea, ikaionyesha kwenye YouTube, kisha ikaeleza kosa hatua kwa hatua. Hakuna jina la fundi lililotupwa kwa watu. Tangu siku hiyo, mafundi wa dunia nzima wanajifunza kutokana na ajali hiyo: kopi ambayo haijajaribiwa kurudishwa, usiihesabu kuwa kopi.

Siku ya posho ya mafundi

Kushirikiana kunahitaji pia mpango mzuri. Huko Marekani, mafundi wa SQL Server walikuwa na shirika lao, PASS, tangu 1999. Mwaka 2007, katika mji wa Orlando, walianza SQL Saturday: siku ya posho ambapo fundi anawafundisha wenzake bila malipo. Desturi hiyo ilifika nchi nyingi.

Lakini feza za PASS zilitegemea sana mkutano wake mkubwa wa kila mwaka. Korona ilipozuia watu kukutana mwaka 2020, feza zilikauka, na tarehe 15 mwezi wa kwanza 2021 shirika lilifungwa. Siku za posho hazikufa, sababu kila mji ulikuwa na watu wake wa kujitolea.

Kuanzia hapa kwetu

Mambo ya kuanza si ya bei kali. Kitabu cha maelezo cha PostgreSQL kinapatikana bure kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wamekitafsiri kwa Kifaransa. Mafundi watano wa hospitali, chuo kikuu na koperative wanaweza kukutana siku moja ya posho kwa mwezi. Watengeneze baze ya majaribio, waibomoe, kisha wapime kwa saa wanatumia muda gani kuirudisha. Wasilete majina ya wagonjwa ao ya wateja wa kweli: sheria ya mambo ya numerike ya mwaka 2023 inalinda habari za watu.

Kingine ni pahali pa kuweka kopi. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na tarehe 27 wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama mara moja. Biro iliyoweka kopi yake ndani ya kabati, karibu na seva, ingepoteza vyote viwili kama lava ingefika. Fundi wa Goma na mwenzake wa Bunia ao Kisangani wanaweza kupatana, kila mmoja amhifadhie mwenzake kopi iliyofungwa kwa neno la siri.

Na wewe mkubwa wa biro, kesho asubuhi muulize fundi wako maswali mawili: ni lini mara ya mwisho kopi ilirudishwa kweli, na ni nani mwingine anayejua kufanya hivyo? Kama swali la pili halina jibu, mpatie fundi wako ruhusa na tiketi ya kwenda kukutana na wenzake.