Habari ya chanjo ya malaria haishushi homa ya mtoto: Funzo la Nachingwea na Ruangwa

Ilikuwa asubuhi ya msimu wa korosho, nikiwa stendi ya Nachingwea nasubiri gari la kwenda Ruangwa. Kwenye benchi nilikaa karibu na mama mmoja aliyempakata mtoto wa kama mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka, na mkono wangu ulipomgusa nilisikia joto lisilo la kawaida.

"Pole dada. Mtoto anaumwa?"

"Asante, kaka. Amechemka tangu juzi. Nampeleka kwa bibi yake Ruangwa, labda akibadilisha hewa atapata nafuu."

"Umempima malaria?"

"Malaria haiwezi kuwa. Huyu chanjo zote kamaliza, mpaka hiyo ya malaria."

Nikaomba kuiona kadi ya kliniki. Alikuwa mama makini kweli kweli, kila tarehe imetimizwa: polio, nimonia, kuhara, surua na rubela. Chanjo ya malaria haikuwemo. Tulipoongea zaidi nikaelewa. Kijana wa nyumbani kwake alimsomea kwenye simu kwamba dunia imepata chanjo ya malaria na imeidhinishwa. Wiki chache baadaye mtoto akachomwa sindano kliniki. Mama akaunganisha hayo mawili.

Hatukupanda gari. Tulikwenda hospitali, mtoto akatobolewa kidole, na kwa muda wa kama robo saa majibu yakatoka: ana malaria. Kwa bahati bado alikuwa ananyonya na hajaanza degedege, hivyo alipewa dawa mseto ya kumeza. Muuguzi alimtazama mama akasema taratibu, "Mngefika Ruangwa mkalala bila kumpima, kesho tungekuwa na maongezi mengine."

Tangu siku hiyo nina ugomvi. Sigombani na sayansi, maana sayansi ndiyo iliyotengeneza kile kipimo na ile dawa. Ugomvi wangu ni na namna habari za sayansi zinavyotufikia: zinakuja kama matokeo ya mpira, nani kashinda na kwa mabao mangapi, kisha tunaachwa kila mmoja amalizie mwenyewe. Yule mama hakuwa mjinga. Aliipokea habari kama ilivyomfikia, nusu.

Asilimia 68 maana yake nini?

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu ni ya kweli na ni njema. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, baada ya majaribio ya miaka mingi na baada ya kutolewa kwa watoto wengi nchini Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019. Oktoba 2023 likapendekeza ya pili, R21. Watanzania tumo katika kazi hiyo. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki majaribio ya RTS,S, na Bagamoyo ilishiriki tena katika ya R21, pamoja na vituo vya Kenya, Mali na Burkina Faso.

Katika maeneo ambako malaria ipo mwaka mzima, R21 ilipunguza malaria kwa kama asilimia 68 katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu. Gazeti likiandika hivyo, mzazi husikia "inazuia". Lakini isome hivi: palipotarajiwa watoto 100 kuugua, kama 68 waliepushwa, na 32 waliugua vile vile. Kinga hiyo hupungua kadiri muda unavyopita, ndiyo maana kuna dozi ya nne. Kwa hiyo hata mtoto aliyepata chanjo ya malaria akichemka, anapimwa. Anaendelea kulala ndani ya chandarua. Sentensi hizo mbili zingekuwa kwenye ile simu ya kijana, mama asingekuwa stendi.

Watoto wa huku walishaifundisha dunia

Wakazi wa Nachingwea na Ruangwa wana haki kuliko wengi ya kuzihoji habari hizi, kwa sababu baadhi yake zilitoka kwenye vijiji vyao.

Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ifakara kwa watoto wachanga 701. Watoto waliokwenda kliniki kwa chanjo za kawaida walipewa pia dawa ya SP, ile tuliyoizoea kwa jina la Fansidar, wakiwa na umri wa miezi miwili, mitatu na tisa, hata kama hawaumwi. Malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Ilikuwa habari kubwa: dawa ya bei ndogo, iliyopo tayari, inayotolewa siku ambayo mama yuko kliniki.

Lakini mji mmoja wenye watafiti wengi si nchi nzima. Swali likawa: je, itafanya kazi vijijini, mikononi mwa wahudumu wale wale wa zahanati, na mvua ikiwa imekata barabara? Swali hilo lilipelekwa wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Mwaka 2004 wadodosaji walizunguka kwenye kaya zaidi ya 20,000 wakijaza majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi, wakati ambapo wengi wetu hata simu ya tochi tulikuwa hatuna. Kisha tarafa 24 zikagawanywa kwa kura. Kuanzia 2005 nusu yake zilipewa utaratibu wa SP kwa watoto wachanga, nusu nyingine zikaendelea kama kawaida.

Mwaka 2006 watoto walipopimwa, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa asilimia 31 kwenye tarafa zenye SP na asilimia 38 kwenye zile nyingine. Tofauti ndogo, wala si ya kupigiwa vigelegele. Lakini ukiwaangalia waliomeza dawa siku za karibuni tu, walikuwa asilimia 22, dhidi ya 41 kwa wenzao wa upande wa pili. Maana yake ni kwamba dawa ilifanya kazi kwa aliyeimeza. Tatizo ni kuwafikia wote kwa wakati. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa la vijiji hivi: kati ya matokeo ya watafiti na mdomo wa mtoto kuna barabara, kuna zahanati iliyoishiwa dawa, na kuna mama aliyekosa nauli.

Mwaka 2010 WHO ilipendekeza utaratibu huo, lakini kwa masharti: utumike pale ambapo vijidudu havijawa sugu sana kwa SP. Na hapo ndipo habari njema ilipopata doa. Utafiti mwingine wa Tanzania, uliofanyika Korogwe na Same na kuchapishwa 2009, ulionyesha kwamba kule usugu ulikuwa umeshakuwa mkubwa kiasi kwamba SP haikuwakinga watoto wachanga. Dawa ile ile, nchi ile ile, miaka michache tu baadaye.

Kuna wanaosema, "Unaona? Wanasayansi wanajipinga wenyewe." Mimi nasema kinyume chake. Mtu anayerudi kupima alichokisema jana, akikuta kimebadilika akakiri hadharani, huyo ndiye wa kumwamini. Wa kumwogopa ni yule mwenye dawa inayotibu kila kitu tangu aanze kuiuza, asiyewahi kukosea hata siku moja.

Hapa mjamzito ananiuliza: mbona mimi bado napewa SP kliniki? Kwa sababu kwa mjamzito imeonekana bado inasaidia, hasa kumwezesha mtoto kuzaliwa na uzito mzuri, hata pale penye usugu. Hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, angalau mara tatu, zikiachana mwezi mmoja mmoja. Imeze palepale mbele ya muuguzi. Usiifunge kwenye pindo la kanga ukampa mtoto nyumbani.

Kadi ya unyayo

Habari ya pili kutoka huku haikupigiwa ngoma kabisa. Kuanzia 2010, katika wilaya sita za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, wanawake wa kujitolea walifundishwa kutembelea wajawazito na waliojifungua katika mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Waliongea juu ya kujifungulia kituoni, usafi wa mikono ya mkunga, kumnyonyesha mtoto ndani ya saa ya kwanza na kumpa maziwa ya mama pekee.

Walikuwa pia na kadi yenye mchoro wa unyayo. Nyumba isiyo na mizani inajuaje kama mtoto amezaliwa mdogo mno? Unaweka unyayo wake kwenye kadi. Ukiwa mfupi kuliko mchoro, mtoto anahitaji uangalizi zaidi: abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe mara kwa mara, na yule mdogo kabisa apelekwe hospitali. Nimeona vifaa vingi vya bei kubwa vikitangazwa kwa picha za kuvutia. Sijaona vingi vyenye akili kama kadi hiyo isiyohitaji umeme wala bando.

Matokeo yalitoka 2015. Mwenendo wa akina mama ulibadilika: unyonyeshaji wa mapema uliongezeka, na usafi wakati wa kujifungulia nyumbani uliongezeka. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko maeneo ambayo hayakutembelewa.

Habari ya namna hiyo haipati ukurasa wa mbele, na mimi naona ni kosa. Inatuambia jambo zito: mazungumzo ya nyumbani ni mazuri, lakini mtoto anayeshindwa kupumua au mama anayetoka damu hawaokolewi na mazungumzo. Wanahitaji kituo chenye mkunga mwenye ujuzi, vifaa, damu salama na gari la kuwafikisha. Mwenye kupanga bajeti ya wilaya angeisoma habari hiyo kwa makini kuliko habari yoyote ya mashine mpya. Na mzazi naye ajue kwamba kumpenda mtoto na kumtunza vizuri nyumbani hakuondoi haja ya kwenda hospitali mapema.

Maswali manne kabla hujasambaza

Habari ya afya ikiingia kwenye simu yako, iulize mambo manne.

Kwanza, imejaribiwa kwa nani? Dawa iliyofanya vizuri kwa panya au kwenye chupa ya maabara bado haijafika kwa mwanao. Pili, imepunguza au imemaliza? Nyingi hupunguza, na hilo si dogo. Tatu, ipo kwenye kituo changu leo? Kuidhinishwa Geneva si sawa na kufika zahanati ya kijijini kwako. Muulize muuguzi, na uitazame kadi ya mtoto: kisichoandikwa hapo, usihesabu kwamba amekipata. Nne, inanitaka niache nini? Habari yoyote inayokuambia uache chandarua, uache chanjo au uache dozi ya hospitali, usiitumie mwenzako kabla hujaongea na mhudumu wa afya.

Wakati tunasubiri makubwa, tusidharau tuliyo nayo. Tangu 2013 vyandarua vimegawiwa kupitia wanafunzi wa shule za Lindi, Mtwara na Ruvuma, mikoa iliyotangulia nchini kwa mpango huo. Naomba visigeuzwe uzio wa bustani wala wavu wa samaki. Familia ikihamia shambani msimu wa korosho, chandarua nacho kihame, maana mbu wa kwenye kibanda cha shamba hana likizo.

Mtoto akichemka, apimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Akikutwa na malaria, amalize dozi ya siku tatu hata kama siku ya pili anacheza. Na kuna dalili zisizosubiri asubuhi: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea mno au hazinduki. Kwa mtoto mchanga ongeza kupumua kwa haraka, mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, na kitovu chekundu au chenye usaha. Hapo ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane na bodaboda ni ya kuamshwa.

Yule mama wa stendi tulionana tena siku ya tatu, amekuja kurudisha shukrani na mtoto mgongoni anavuta kilemba chake. Aliniuliza swali moja: "Kaka, hiyo chanjo ikija kweli, nimchanje?" Nikamjibu, mchanje bila kusita, dozi zote. Kisha usiku mlaze ndani ya chandarua, na akichemka, mlete apimwe. Akacheka, akasema, "Safari hii nitasoma mwenyewe mpaka mwisho."