Nishani ya Taji la Italia: Geuza Utazame Nyuma

Ndugu msomaji, ukionyeshwa msalaba mdogo mweupe, mikono yake imeviringana, na kati ya mikono hiyo pana mafundo ya dhahabu, usidhani ni msalaba wa ibada. Ni nishani. Huko Italia misalaba ya namna hii imelala masandukuni mwa wajukuu wasiojua babu yao alipewa na nani wala lini. Hapo ndipo mchuuzi wa vitu vya kale hupata chakula chake. Akiuza, hutaja mwaka wa zamani sana ili bei ipande. Akinunua, husema ni shaba tu, na mjane huitoa dhahabu ya marehemu kwa bei ya sufuria.

Basi tuuchunguze. Katikati pana duara la buluu lenye taji. Hilo ni Taji la Chuma la Lombardia, litunzwalo katika kanisa kuu la mji wa Monza. Mapokeo yasema ukanda uliomo ndani yake ulifuliwa kwa msumari wa Msalaba wa Bwana wetu. Wataalamu walioupima mwaka 1993 waliona ni fedha. Sasa geuza. Nyuma yuko tai mweusi, na kifuani pake ngao nyekundu yenye msalaba mweupe, alama ya ukoo wa kifalme wa Savoia. Ukiyaona yote hayo, umeshika nishani ya Taji la Italia, iliyoanzishwa na Mfalme Vittorio Emanuele II tarehe 20 Februari, 1868, ili kukumbuka kuunganishwa kwa Italia. Mtu akikuambia ni ya mwaka 1850, mwache aende zake.

Lakini wengi hupotea hapa: mwaka wa kuanzishwa kwa nishani si mwaka wa kufuliwa kwa msalaba ulio mkononi mwako. Ukoo huohuo una nishani nyingine, ya Watakatifu Maurisi na Lazaro, yaani msalaba mweupe uliolazwa juu ya msalaba wa kijani. Vyama hivyo viwili vya heshima viliunganishwa mwaka 1572. (Maurisi huyo, kwa mapokeo, alikuwa askari wa kikosi kilichotoka Misri, Mwafrika mwenzetu.) Wachuuzi waupenda mno mwaka ule 1572, hali misalaba wanayouza kwa kawaida ni ya karne ya 19 au ya 20.

Na mwisho wake je? Ufalme wa Italia ulikoma mwaka 1946, na sheria ya mwaka 1951 ikaifuta nishani ya Taji. Hata hivyo Mfalme Umberto II, akiwa uhamishoni, aliendelea kuwapa watu mpaka alipofariki mwaka 1983. Kwa hiyo usifunge hesabu upesi.

Madini yenyewe husaidia zaidi. Misalaba ya zamani mara nyingi ni ya dhahabu. Ya baadaye, fedha au shaba iliyopakwa dhahabu. Chukua kioo cha kukuza utafute chapa kwenye pete ya juu. Namba 800 maana yake ni fedha, sehemu 800 katika 1000. Ukiona chapa ya fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, hiyo ni alama ya wakati wa Mussolini, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1934 na kuondolewa utawala wake ulipoanguka.

Usiusugue kwa majivu wala mchanga kama chungu! Weupe ule ni rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya madini. Ikibanduka hairudi, na fundi akiiziba kwa rangi nyingine utaona doa ukiuinamisha kwenye mwanga.

Utepe ni mwekundu wenye mstari mweupe katikati, lakini usiutegemee, maana huoza na kubadilishwa. Vivyo hivyo kisanduku: hata kikiwa na jina la sonara mashuhuri, kama Cravanzola wa Roma, kwanza uweke msalaba ndani yake uone kama unakaa sawasawa katika shimo lake.