Sokwe wa Mteremko wa Ufipa

Msafiri atokaye Sumbawanga kuelekea magharibi hupita kwanza katika nchi iliyo wazi: majani, mashamba ya mahindi, ulezi na maharage, na ng'ombe wakichungwa. Uwanda huo wa juu wa Ufipa uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali pengine hupita 2,000. Kisha ardhi hukatika. Mteremko mkali hushuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 tu. Katika mabonde ya mteremko huo ndimo miti ilimobaki kwa wingi: miombo, pamoja na misitu myembamba ifuatayo mito. Humo, katika eneo la Mto Lwazi, kuna sokwe.

Hapo awali ilidhaniwa kwamba sokwe wa Tanzania huishia kaskazini zaidi. Mwaka 1997 Hideshi Ogawa na wenzake walichapisha taarifa ya kuwepo kwao Lwazi, na mpaka wa kusini wa mnyama huyo nchini ukasogezwa hadi Ufipa.

Sokwe asiyezoeshwa watu hukimbia kabla hajaonekana, kwa hiyo hutambuliwa kwa kitanda chake. Kila jioni sokwe aliyekwisha kuacha kunyonya hupanda mtini, hukunja matawi na kuyakandamiza kwa miguu mpaka yakawa tandiko, na asubuhi huliacha. Mtafiti hupita chini akihesabu. Majani mabichi humwonyesha kwamba mnyama alilala hapo siku chache zilizopita. Yaliyogeuka rangi na kupukutika ni ya zamani. Ni kazi ya kuchosha, nayo haitoi picha hata moja ya uso wa sokwe.

Nyuso zilipatikana kwingine, kwenye pwani ya ziwa hilohilo mkoani Kigoma. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza utafiti wake katika milima ya Mahale. Sokwe walivutwa kwa miwa, wakazoea watu, na kila mmoja akapewa jina, kama Wajapani walivyokwisha kufanya kwa nyani wa nchini kwao. Ulishaji huo ulikomeshwa mwaka 1987, lakini mazoea yalibaki. Huko Gombe, ambako Jane Goodall alitumia ndizi, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Michio Hoshino, mpiga picha wa Kijapani aliyesifika kwa picha zake za wanyama wa Alaska, alifika Gombe mwaka 1995 akakuta sokwe wasiomjali mtu mwenye kamera.

Hoshino hakuishi muda mrefu baada ya safari hiyo. Agosti 1996, huko Kamchatka nchini Urusi, aliuawa na dubu aliyemvamia hemani. Ilisemekana kwamba dubu huyo alikwisha kuonjeshwa chakula cha watu.

Kwa sokwe hatari huelekea upande wa pili: mtu ndiye amdhuruye mnyama. Miili ya viumbe hawa wawili imekaribiana mno hata mafua ya mgeni yaweza kuwa kifo kwa mwenyeji. Mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa kupumua uliingia katika kundi la Mahale lililozoeshwa watu, na baadhi ya sokwe wakafa. Uchunguzi ulionyesha virusi vinavyohusiana na vya binadamu. Ndiyo maana wageni wa Mahale huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita 10, na muda wao huhesabiwa.

Je, sokwe wa Lwazi nao wazoeshwe? Wako wanaotamani fedha za watalii, na si haki kuwabeza, kwani wakulima wa mteremkoni nao wanahitaji sababu ya kuuacha msitu usimame. Lakini kuzoesha huchukua miaka, na sokwe aliyeacha kumwogopa mtafiti humwacha pia mwindaji amsogelee. Kamera iliyofungwa mtini, inayojipiga yenyewe mnyama apitapo, huleta picha bila pumzi ya mtu. Hata hivyo kamera haizuii shoka, wala moto wa kiangazi upandao mabondeni kutoka mashambani, na mti wa kulala ukianguka hakuna kitanda cha kuhesabu.