Mfanyakazi Asifungwe Mikono

Mfanyakazi hana mtaji mwingine ila ujuzi wake. Mkataba unaomkataza kuupeleka ujuzi huo kwa mwajiri mwingine humwacha huru kwa jina tu. Nchini Marekani mikataba hiyo imeenea mno. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya serikali kuu ilikadiria kwamba watu milioni 30, yaani mfanyakazi mmoja katika kila watano, wamefungwa na ahadi ya kutoshindana na mwajiri wao hata baada ya kuacha kazi.

La kustaajabisha ni kwamba haki ya mtu huyo hutegemea jimbo lake. California iliibatilisha mikataba hiyo tangu mwaka 1872. North Dakota na Oklahoma nazo zimeikataa, na Minnesota ikafuata kwa mikataba iliyofungwa kuanzia Julai 1, 2023. Florida imeshika njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2025 inaruhusu wenye mishahara mikubwa wazuiwe hadi miaka minne. Katika majimbo mengi hakimu ndiye apimaye kama muda, eneo na kazi iliyokatazwa havikupita kiasi.

Tume ilijaribu mwaka 2024 kuipiga marufuku nchi nzima. Agosti 20 mwaka huo mahakama moja ya Texas ikaitengua kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika, na mwaka 2025 Tume yenyewe ikaiacha rufani yake. Mzigo umerudi majimboni.

Waajiri hudai kwamba wanalinda siri zao. Siri ya kweli istahili kulindwa, na sheria za kuilinda zipo tayari. Lakini muuza sandwichi ana siri gani? Mwaka 2016 Mwanasheria Mkuu wa Illinois alilazimika kuishtaki kampuni ya Jimmy John's kwa kuwabana hata watu wa namna hiyo.

Ubaya mkubwa zaidi ni hofu. Mkataba usio na nguvu mahakamani bado humtisha asiyeijua sheria, wala hana fedha za kumlipa wakili. Hubaki katika kazi duni akidhani amefungwa. Kwa ajili hiyo California iliwaamuru waajiri wawaarifu wafanyakazi wao kwa maandishi, kabla ya Februari 14, 2024 kupita, kwamba vifungu hivyo ni batili.

Sisi tunaunga mkono hatua hiyo, na twasema majimbo mengine yaige mfano huo. Nao ndugu zetu waliokwenda kutafuta riziki huko, tunawasihi wausome mkataba wote na kuuliza sheria ya jimbo lao kabla ya kutia saini.

Mwajiri anayechelea kuachwa anayo dawa mkononi mwake: ampe mfanyakazi ujira mwema na heshima. Huyo hatahitaji kufungwa kwa karatasi.