Bodi ya Msumeno wa Injini Ikipasuka: Ufa Gani Uzibwe, Ufa Gani Usiguswe

Katika skimu nyingi za makazi, kutoka Kinangop na Ol Kalou hadi Lugari na Trans Nzoia, miti ni akiba ya mkulima. Tangu Skimu ya Ekari Milioni Moja ilipoanzishwa mwaka wa 1962, wakulima wengi wamepanda mikaratusi, misaipresi na miwati kandokando ya mipaka ya mashamba yao. Miti hiyo hutoa nguzo za ua, mbao za zizi, kuni za jikoni na hata karo ya shule. Siku hizi chombo cha kuikata ni msumeno wa injini, ambao wengi huuita pawasoo.

Msumeno huu ni mali ya thamani. Mara nyingi injini yake bado ni nzima, lakini bodi inapasuka. Labda umeanguka kutoka kwenye mkokoteni, au umeangukiwa na tawi, au skrubu zake zimekazwa kupita kiasi. Hapo mkulima hujiuliza: Je, nitengeneze mwenyewe nyumbani, au ninunue kipande kipya?

Jawabu linategemea mahali ufa ulipo. Kuna ufa ambao mtu mwenye subira anaweza kuutengeneza kwa gharama ndogo. Kuna mwingine ambao ukiuziba, umejitegea mtego mwenyewe. Ni lazima kila mwenye msumeno ajue kutofautisha hizo mbili.

SEHEMU ZISIZOZIBWA

Msumeno ukifanya kazi kwa nguvu zote, mnyororo wake hukimbia mita 20 au zaidi kwa kila sekunde. Kati ya mnyororo huo na mwili wako kuna vipande vichache tu vya kukulinda. Kipande chochote kati ya hivi kikipasuka, usikitie gundi wala kukifunga kwa waya. Nunua kingine.

Cha kwanza ni ngao ya mbele ya mkono, ambayo pia huvuta breki ya mnyororo. Cha pili ni kikamata mnyororo, kile kipande kidogo kilicho chini karibu na mwanzo wa bamba, ambacho hudaka mnyororo unapokatika. Cha tatu ni mpini, wa mbele na wa nyuma. Cha nne ni kifuniko cha upande wa mnyororo ikiwa kimepasuka penye matundu ya nati zinazoshika bamba. Katika misumeno mingine breki yenyewe imo ndani ya kifuniko hicho, kwa hiyo ufa wake ni ufa wa breki.

Tangi la petroli pia usilizibe. Watu wengi hudhani kwamba tangi likimwagwa petroli limekuwa salama. Hivi sivyo. Mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka, na chuma cha moto kikiugusa, hakuna nafasi ya kukimbia. Tena katika misumeno mingi tangi hilo na mpini wa nyuma ni kipande kimoja.

UFA WA BODI YA INJINI

Sehemu ya chini ya injini, inayobeba mhimili wake, haina kazi ya kushika vyuma tu. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupita humo kabla ya kufika juu ya pistoni. Misumeno mingi hutumia oili mililita 20 kwa lita moja ya petroli, na oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha pistoni. Bodi ikiwa na ufa, hewa huingia isipotakiwa. Mchanganyiko huwa hafifu, joto hupanda, pistoni hukwaruzika, na mwisho injini hukwama.

Dalili yake ni hii: injini hupiga kelele kwa kasi hata ukiachia kichapuzi, nayo haitulii hata ukirekebisha kabureta. Ukiona hivyo, zima mara moja. Kuukatia mti mmoja zaidi kwaweza kukugharimu injini nzima.

Bodi hiyo mara nyingi ni ya magnesiamu, madini mepesi kuliko alumini. Unaweza kuipima nyumbani. Kwangua mahali padogo pasafi, kisha dondosha tone moja la siki. Magnesiamu hutoa mapovu papo hapo. Alumini hukaa kimya. Futa siki hiyo kwa maji ukimaliza.

Ikiwa ni magnesiamu, usiipeleke kwa fundi anayechomelea mageti kwa vijiti vya chuma. Kazi hiyo yahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Tena unga wa magnesiamu ukishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Huzimwa kwa mchanga mkavu. Kwa wengi, njia rahisi ni kutafuta bodi nzima kutoka kwa msumeno mwingine wa aina ile ile uliokufa injini.

UFA UNAOWEZA KUTENGENEZWA

Sasa tuje kwenye kazi ya nyumbani. Kifuniko cha juu, kifuniko cha kisafisha hewa, na kifuniko cha kamba ya kuwashia ndivyo vinavyopasuka mara nyingi, na hivyo vyatengenezeka vikiwa vya plastiki.

Kwanza soma herufi zilizochapwa upande wa ndani. Ukiona PA6-GF30, hiyo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo kwa asilimia 30. Ukiona PE au PP, jua kwamba gundi ya kawaida haitashika. Hata kwenye nailoni, gundi peke yake hubanduka upesi kwa sababu ya mtikisiko na mafuta. Njia bora ni kuyeyusha plastiki na kuitia waya ndani. Fanya hivi:

1. Zima msumeno, uache upoe, kisha chomoa waya wa plagi. Ondoa kifuniko na ukipeleke mbali na petroli.

2. Kama ni kifuniko cha kamba, legeza springi kwanza kabla ya kuitoa. Vaa miwani ya kazi, kwa maana springi ikifyatuka yaweza kupasua jicho.

3. Osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yote yatoke, ukaushe, kisha upanguse kwa spiriti. Iache spiriti yote ikauke kabla ya kuwasha chuma cha moto. Kifuniko chenye mafuta hakishiki.

4. Toboa tundu dogo la milimita 2 au 3 pale ufa unapoishia. Tundu hilo huuzuia ufa usiendelee mbele.

5. Upande wa ndani, chimba mfereji kufuata ufa, usizidi nusu ya unene wa plastiki.

6. Tumia chuma cha kulehemu cha umeme. Nailoni hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 220 hivi za Selsiasi. Kandamiza vipande vifupi vya waya mwembamba usioshika kutu vikiukata ufa kama mishono ya nguo, mpaka vizame. Kisha vifunike kwa plastiki iliyoyeyushwa kutoka kwenye kifuniko kibovu chenye herufi zile zile.

7. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni, maana moshi wake hudhuru mapafu. Plastiki ikigeuka nyeusi, umezidisha moto.

8. Acha ipoe yenyewe. Lainisha kwa msasa, kisha hakikisha hakuna ncha ya waya iliyochomoza. Nyuma ya kifuniko cha kamba huzunguka gurudumu lenye mapezi ya kupoza injini, na waya uliochomoza utayavunja. Rudisha kifuniko, vuta kamba polepole na usikilize kabla ya kuunganisha waya wa plagi.

9. Kaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kupishana, kwa nguvu ya mkono tu.

KUZUIA NI BORA KULIKO KUZIBA

Bodi haipasuki bila sababu. Mnyororo butu hutikisa msumeno wote, basi unoe mara kwa mara. Skrubu moja ikipotea, uzito wake hubebwa na zilizobaki, kwa hiyo irudishe siku hiyo hiyo. Mipira ya kuzuia mtikisiko ikichakaa, ibadilishe. Na ukiubeba msumeno kwenye pikipiki au mkokoteni, ufunge vizuri na uvishe bamba ala yake.

Kabla ya kuanza kazi yoyote ya kuziba, uliza kwanza bei ya kipande kipya na cha mtumba. Piga picha ya kipande pamoja na namba ya msumeno, umpelekee muuzaji kwa simu. Huenda ukaona kwamba kifuniko kizima ni rahisi kuliko siku nzima ya kazi.

Mkulima mwenye busara hajivunii kutengeneza kila kitu. Hujivunia kwamba msumeno wake unafanya kazi, na vidole vyake kumi bado anavyo.