Jicho Lililoachwa na Sikio: Maelezo ya Mwezi Mmoja wa Uchovu wa Kusoma

Utangulizi

Wanafunzi wetu wakiulizwa kwa nini hawasomi, hujibu kwamba vitabu ni vya bei kubwa, umeme hukatika, na nakala ya maktaba ni moja kwa darasa zima. Majibu hayo ni ya kweli. Hata hivyo hayaelezi hali nyingine, ambayo sisi walimu hatupendi kuitaja mbele yao: kitabu kipo, taa inawaka, jioni nzima ni ya msomaji mwenyewe, na bado hawezi kuupita ukurasa wa kumi. Hali hiyo nitaiita uchovu wa kusoma. Si kutojua kusoma, kwa maana anayepatwa nayo alifundishwa kusoma zamani. Wala si uvivu, kwa maana mtu huyo huyo aweza siku hiyo hiyo kusahihisha karatasi hamsini za mtihani bila kuinua kichwa.

Makala hii yakusudia kueleza hali hiyo kwa kisa kimoja tu, nacho ni cha mwandishi. Kwa muda wa mwezi mmoja niliandika kila jioni nilichosoma, kurasa nilizopita, na mahali niliposimama. Nilifanya hivyo kwa haya kidogo. Mwalimu wa Kiswahili ambaye kwa karibu mwaka mzima hajamaliza kitabu hata kimoja cha Kiswahili, isipokuwa vile anavyovifundisha, hana budi kujiuliza kama anayo haki ya kuwadai wengine wamalize. Sitoi hapa kanuni ya wasomaji wote. Naeleza yaliyonipata, kisha natafuta sababu zake katika lugha yenyewe na katika njia tuliyofundishwa kuisoma.

1. Juma la kwanza: kujilazimisha

Nilianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1971. Nilichagua kitabu hicho kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilikimaliza kwa siku mbili. Safari hii, kwa jioni sita, nilisoma kurasa kumi na moja.

Mwishoni mwa juma nilizipitia tena kurasa hizo ili nijue nilikwama wapi. Nikakuta zimejaa alama za kalamu. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya virejeshi, nimezungushia duara kiambishi kimoja cha ngeli, na kuandika pembeni neno "mfano". Rosa alipopigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, mimi nilikuwa naweka alama kwenye kitenzi. Hapo nilitambua jambo la kwanza: sikuwa nimeacha kusoma. Nilikuwa nasoma mno, lakini kwa jicho la mtahini. Jicho hilo hutafuta kosa au kielelezo, na likishapata moja kati ya hayo mawili husimama na kuridhika. Halina haja ya kujua yatakayompata Rosa.

Kazi yetu hulilea jicho la namna hiyo. Anayesahihisha mitihani tangu asubuhi hawezi kutarajia kwamba jioni, kwa kufungua kitabu tu, atapewa jicho jingine.

2. Juma la pili: jicho linavyotembea

Juma la pili sikujilazimisha kusonga mbele. Nilijaribu kuchunguza kinachotendeka. Tangu kazi za tabibu wa macho Émile Javal na wenzake mjini Paris, mwishoni mwa miaka ya 1870, yajulikana kwamba jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama maji. Huruka na kutua. Kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde, na ni katika kituo hicho ndipo herufi hutambuliwa. Wakati wa mruko wenyewe jicho haliokoti kitu. Mara kwa mara huruka kinyumenyume, kurudia lililokwisha kupitwa. Kwa wasomaji hodari wa Kiingereza, ambao wamechunguzwa kuliko wengine, marejeo ya namna hiyo ni kama moja kwa kila miruko kumi au chini kidogo ya hapo.

Wachunguzi hao waliona pia kwamba jicho haligawi vituo kwa usawa. Hutua zaidi kwenye maneno marefu yenye maana nzito, na huyaruka mara nyingi maneno mafupi ya kuungia, ambayo msomaji huweza kuyabashiri. Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili anapopaswa kusimama na kufikiri. Tuchukue kitenzi "asingalimsomea". Kifaransa huhitaji maneno sita kusema jambo hilo, na kati ya maneno hayo kuna nafasi tano tupu. Kiswahili hulisema kwa neno moja la silabi nane: nafsi, ukanushi, sharti, mtendewa, mzizi, kauli na kiishio vimefungwa mtumba mmoja. Vipande vidogo ambavyo msomaji wa Kifaransa aweza kuviruka, kwetu vimo ndani ya neno, nao usipouona ukanushi umesoma kinyume cha kilichoandikwa.

Sisi wa Lubumbashi, kwa sehemu kubwa, jicho letu lilifundishwa kwa Kifaransa. Vitabu vya masomo, sheria, ripoti na tasnifu zetu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Naona basi kwamba tunapofungua ukurasa wa Kiswahili tunautembelea kwa mwendo tuliouzoea kwingine, kisha tunalazimika kurudi nyuma. Nilijihesabu katika mistari ishirini: nilirudi nyuma mara nyingi kuliko nilivyodhani mtu wa kazi yangu angerudi. Uchovu una mlango wake hapo. Hauingii kwa kishindo. Kila rejeo huula uzi wa hadithi kidogo, hata mwishoni mwa ukurasa msomaji hakumbuki nani alikuwa akisema na nani.

3. Juma la tatu: maandishi yanayodai sauti

Juma la tatu niliweka riwaya kando, nikachukua maandishi tunayoyataja mara nyingi darasani bila kuyasoma yote: ile "Vocabulaire" ya Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965. Jina lake ni la Kifaransa, lakini maandishi yenyewe ni ya Kiswahili cha mji huu, nayo yasimulia habari za mji na za maboyi, yaani watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, kwa msaada wa Kalundi Mango.

Anayeyafungua maandishi hayo kwa macho tu hupotea upesi. Maneno yaliyopaswa kutengana yameshikana, yaliyopaswa kushikana yametengana, na vituo ni haba. Fabian mwenyewe hakuyategemea macho: maandishi yalisomwa kwanza kwa sauti na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, ndipo mipaka ya maneno na ya sentensi ikajulikana. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo kwa miaka kadhaa kama habari ya mbinu ya utafiti. Sikuwa nimewahi kulifanya.

Jioni moja umeme ulikatika, nami nikasoma kwa sauti kwenye mwanga wa mshumaa. Mama mkubwa, anayekaa kwetu na ambaye hakupelekwa shule, alikuwa amekaa karibu akichambua maharagwe. Baada ya mistari michache akanizuia.

"Rudia pale, mwanangu. Ile neno umeikata katikati."

Nilirudia. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimefuata nafasi tupu ya karatasi, naye alifuata mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa mkazo huo sikio hujua neno limeishia wapi hata pale mwandishi alipokosea kuligawa. Jicho langu lenye lisansi lilishindwa na sikio lisilojua herufi.

Tuliendelea jioni tano. Sauti ilinirudishia "batu" na "batoto", "katoto" na "tutoto", "eko" badala ya "yuko", maumbo ambayo nayaandika ubaoni kama vielelezo lakini ambayo ndiyo lugha niliyolelewa nayo. Mama mkubwa hakusikiliza kimya. Baba yake alipika kwa Wazungu, na kila tulipofika penye habari za kazi za nyumbani aliongeza za kwake: chakula, mshahara, matusi. Jioni ya tatu aliniuliza, "Hii miaka yote ulikuwa unasomea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikisoma ili nifundishe, nifundishe ili nisahihishe, na nisahihishe ili nitoe alama. Katika mnyororo huo hapakuwa na mtu aliyengoja kujua kilichotokea baadaye.

4. Juma la nne: kurudi kitabuni

Swali lililobaki lilikuwa kama dawa hiyo yafaa tu kwa maandishi kama ya Yav, au hata kwa kitabu kilichosahihishwa vema na mchapishaji. Nilichukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Lugha yake ni mbali sana na ya nyumbani kwetu. Ni Kiswahili kilichosanifiwa juu ya msingi wa Kiunguja, kwa juhudi za kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza. Congo haikuwamo. Kwa hiyo msomaji wetu huwa na pande tatu zisizoonana: jicho la Kifaransa, sikio la Kiswahili cha mji, na ukurasa wa Kiswahili sanifu.

Nilisoma kurasa za mwanzo kwa sauti. Nilitambua mara hiyo kwamba kitabu chenyewe kimejengwa juu ya kusema na kusikiliza: Karama ameshitakiwa na Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye asimama barazani kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi wakarudi kuadhibiwa. Sentensi zake ndefu, ambazo machoni zilinichosha, mdomoni zilikuwa na pumzi zake. Palipokuwa na jozi ya maneno yanayolingana, sauti ilipanda kwenye la kwanza na kushuka kwenye la pili, na maana ikashuka pamoja nayo. Maneno machache mama mkubwa hakuyajua. Mengi zaidi aliyafahamu kwa mahali yalipokaa.

Jambo nililoliandika kwa mkazo katika daftari langu ni hili: baada ya kurasa kama kumi mdomo ulifunga wenyewe. Mama mkubwa alikuwa amekwenda kulala, nami nikaendelea kimya, lakini ukimya wa sasa ulikuwa na sauti ndani yake. Edmund Huey, katika kitabu chake cha mwaka 1908 juu ya saikolojia ya kusoma, alikwisha eleza kwamba wasomaji walio wengi husikia au kutamka ndani kwa ndani wanachokisoma. Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa nimeipoteza. Kusoma kwa sauti kulikuwa njia ya kuiamsha, si badala yake.

Nilimaliza Kusadikika. Siku tatu za mwisho wa mwezi nilirudia Rosa Mistika tangu ukurasa wa kwanza, kalamu nikiwa nimeiacha ofisini, nikaimaliza pia.

5. Mafunzo

Mwenzangu mmoja, nilipomweleza habari hizi, alinijibu kwamba kusoma kwa sauti ni kwa watoto wa darasa la pili. Pingamizi lake lina uzito. Sauti ni ya polepole kuliko jicho; hakuna atakayesoma ripoti ya kurasa mia mbili kwa namna hiyo, wala haitakiwi. Pia siwezi kudai kwamba uchovu wa kila mtu watokana na sababu kama zangu. Mwenye njaa, mwenye msiba na mwenye deni wana sababu zao, na sauti haitawalipia.

Lakini kwa yule ambaye kitabu kipo na nguvu za kukisoma hazipo, napendekeza mambo manne. Kwanza, aanze kurasa kumi za mwanzo kwa sauti, kisha auache mdomo ufunge utakapotaka. Pili, kalamu ikae mbali mpaka usomaji wa pili. Tatu, siku ya kusahihisha isiwe siku ya kusoma. Nne, awepo msikilizaji, hata mmoja, hata asiyejua herufi. Huyo ndiye atakayedai kujua yanayofuata.

Kwa darasa letu la fasihi pendekezo ni dogo zaidi: dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi zitolewe kwa mwanafunzi mmoja kuwasomea wenzake, bila swali wala alama. Tunawafundisha wanafunzi kuchambua kitabu kabla hawajakisikia, kisha twashangaa kwamba hawakimalizi. Mwezi huo ulinionyesha kwamba hata mwalimu wao hakukimaliza. Wenzangu watakaolijaribu jambo hili nawaomba waandike walichokiona, hasa pale litakaposhindwa.